Sanduku la Chumvi

Fundi wa lifti aliamka alfajiri katika kitanda cha hoteli akiwa na furaha ya mtu anayerudi kwao, na furaha hiyo ilidumu mpaka alipolikalia sanduku lake ili lifungike. Lilikuwa limefura. Siku kumi na mbili zilizopita lilibeba suruali tatu na ovaroli moja. Sasa lilikuwa na mtandio wa sufu wa mama, mkasi mzito wa dada, na takataka nyingine ambazo mtu hununua ugenini kwa sababu tu amezikuta zimepangwa dirishani. Akalikalia, akavuta zipu, na hapo hapo akakumbuka maneno aliyoyasema mara ya mwisho alipolishika sanduku hilo mlangoni kwao. Furaha yote ikamtoka.

Mama yake alikuwa mpishi wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Wodi nne zilikula kwa mkono wake, na jikoni kwake hakuna aliyeweza kuficha hata kijiko. Sasa amezeeka, kumbukumbu zinakuja na kuondoka zipendavyo zenyewe. Anaishi na wawili kati ya watoto wake watano: binti mkubwa, mshonaji, ambaye cherehani yake iko pale pale sebuleni, na huyu fundi, mtoto wa mwisho, ambaye tangu azaliwe mama hamwiti jina lake bali Kitinda.

Kampuni ilipomteua kwenda ng'ambo siku nane kujifunza lifti za kisasa, Kitinda alimwambia mama ukweli, kama mtu aliyelelewa. Mama alilia. Alilia kilio cha kumzika mtu, halafu baada ya nusu saa akasahau, akajipangusa uso na kuuliza nani kammwagia maji. Kesho yake akaambiwa tena, akalia upya. Mara ya tatu dada akamvuta ndugu yake pembeni. "Basi, usimwambie tena," akasema. "Unamwua mtu yule yule kila siku."

Kwa hiyo asubuhi ya safari Kitinda alinyata na sanduku lake kama mwizi wa kuku. Mama alikuwa amekwisha amka, amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Kitinda, unakwenda wapi asubuhi yote hii?"

"Dukani, mama. Narudi sasa hivi."

"Dukani na sanduku?"

"La kubebea chumvi, mama."

Mama akalitazama sanduku, akamtazama na yeye. "Haya," akasema. "Usikawie."

Sasa mimi nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: Kitinda aliuonea fahari utani ule. Ndege haijapaa, amekwisha msimulia Spana, fundi mwenzake waliyetumwa pamoja, na Spana akacheka mpaka akapaliwa. Siku ya tatu darasa zima linajua. Wakamwita Bwana Chumvi. Kila wakiketi kula, mtu mmoja anamsogezea kichupa cha chumvi na kumuuliza kama sanduku limejaa, na meza nzima inavunjika mbavu, na yeye mwenyewe anacheka kuliko wote.

Siku ya nane mafunzo yakaisha. Spana akasema ni ujinga kufika mbali vile na kurudi bila kuona kitu, waongeze siku nne za kutembea. Kitinda akampigia dada.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Dada, nataka niongeze siku nne hivi. Kuna sehemu nzuri sana huku, unasikia? Nitakuletea picha."

Dada alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa." Kitinda alidhani ni mtandao. Mtu ambaye huweka sikio ukutani akakwambia beringi ipi ya lifti imekufa ghorofa tatu juu, alishindwa kusikia dada yake akinyamaza.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuna asubuhi ile kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege, na bado hakuwa amejua hata nusu yake. Alijiambia kwamba mama amekwisha sahau, huenda hata hajui kama hakuwepo. Alijiambia hivyo kwenye foleni ya tiketi, akajiambia tena alipokuwa akivua mkanda na viatu kwa ukaguzi. Ndege ya kwanza ilikwenda kwa muda wa saa sita, na Spana alikoroma tano na nusu kati ya hizo.

Walitua katika uwanja mkubwa wa kubadilishia ndege, mahali pa ngazi za umeme na vioo vitupu. Kitinda akawasha simu. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa dada: *Mdogo wangu, ukifika usishtuke ukimwona mama. Amepungua.*

Akapiga papo hapo, amesimama katikati ya njia, watu wanamgonga na mikoba yao.

"Dada, amepunguaje?"

Cherehani ikanyamaza upande wa pili. "Hali chakula cha jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda dukani."

Kitinda hakuuliza sababu, maana aliijua. Kule hospitali, wakati wa mama, hakuna mpishi aliyeketi kula kabla ya toroli la mwisho kurudi kutoka wodini. Sheria hiyo mama aliileta nyumbani na kuwalelea watoto wake watano: mtu akitumwa, wengine hawali mpaka arudi. Hata awe amekwenda wapi. Kitinda alipokuwa na miaka tisa alitumwa mafuta ya taa, akakuta mpira unachezwa, akarudi giza limeingia. Aliwakuta watu sita wameizunguka meza, sahani zimefunikwa, chakula kimeganda. Hakuna aliyempiga wala kumkaripia. Mama alisema tu, "Haya, tule," na tangu siku ile Kitinda hakuwahi kutamani kitu kama alivyotamani kuchapwa jioni ile.

"Asubuhi anakunywa chai na mkate," dada aliendelea. "Mchana nikimbembeleza sana, vijiko viwili vitatu. Jioni anakaa mezani, anafunika sahani yako, anafunika na yake, anakungoja. Nikimwambia ale ananiuliza mimi ni mtu wa namna gani, nitakulaje na mwenzangu yuko njiani. Akichoka analala."

"Lakini mama si anasahau kila kitu?"

"Jina langu kalisahau mara nne wiki hii. Chumvi hajaisahau."

"Si ungemwonyesha mkebe! Chumvi si ipo?"

"Mkebe umejaa mpaka juu. Anasema hiyo ni ya zamani, tunangoja uliyoifuata. Kila siku lazima nimpeleke mpaka dukani akakuulizie. Mwenye duka naye anamwambia mmepishana sasa hivi tu, mama, rudi nyumbani utamkuta. Tumekuwa mtaa mzima wa waongo."

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ulipiga unacheka," dada akasema. Hakusema kwa hasira. "Ningekuambia nini? Na wewe tangu umalize shule hujawahi kwenda popote. Nikasema siku nane zitapita. Halafu ukaongeza nne."

Kitinda akaibana simu sikioni. "Nipe niongee naye."

Akasikia simu ikibebwa, viatu vya dada sakafuni, kisha pumzi ya mama.

"Haloo? Nani huyo?"

"Mama, ni mimi. Kitinda."

Mama alipojibu, alitumia ile sauti yake ya dirishani hospitali, sauti ya upole ya kuwajibu jamaa wa wagonjwa. "Kitinda hayupo, baba. Ametoka kidogo, amekwenda dukani. Piga baadaye, hakawii yule."

Simu ikakatwa. Kitinda akatafuta kiti, na asipokiona akakaa chini, akaegemea ukuta wa kioo. Aliona haya. Si haya za mtu aliyefumaniwa. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Aliona haya kwa sababu siku zote zile kumi na mbili, alipokuwa akisogezewa kichupa cha chumvi na kucheka, saa ile ile mama yake alikuwa akifunika sahani.

Spana alirudi na vikombe viwili vya kahawa. "Vipi, Bwana Chumvi, umeishiwa pumzi?"

"Usiniite hivyo."

"Ehe! Leo imekuwaje?"

Kitinda akamweleza yote, bila kuinua uso. Spana si mtu mbaya, ana mdomo tu. Aliviweka vikombe sakafuni, akakaa naye chini. Akasema, "Na wazo la kuongeza siku lilikuwa langu."

"Mdomo uliosema dukani ni wangu."

Walizunguka uwanja ule kutafuta chumvi. Maduka yalikuwa mengi kuliko ya mji wao mzima: manukato, saa, chokoleti zenye umbo la kila mnyama, miwani, mikanda. Chumvi hakuna. Msichana mmoja muuzaji aliwaletea chumvi ya kuogea yenye harufu ya maua, na Spana akamshukuru kwa uso mkavu kabisa. Kisha ubao ukaonyesha ndege yao imechelewa saa moja. Halafu ikawa saa moja na nusu. Kitinda alikwenda kuuliza kaunta mara tatu, kana kwamba akiuliza kwa adabu zaidi ndege itaona aibu na kuja.

Katika ndege ya pili walipewa chakula. Sinia ilipowekwa mbele yake Kitinda aliitazama, akachomoa kipakiti cha chumvi kilichokuwa kando ya uma, akakitia mfukoni. Kisha akakifunika chakula kwa kile kifuniko chake na kukiacha hivyo.

"Huli?" Spana akauliza.

"Nitakula nyumbani."

Spana alimtazama, akaitazama sinia yake mwenyewe, akampa kipakiti chake. Halafu akafungua mkanda na kusimama. Alikwenda kiti hadi kiti, mbele mpaka nyuma, anainama, anaomba. Wengine walimpa wakicheka, wengine bila kuondoa macho kwenye skrini zao. Mhudumu wa ndege alimfuata kumrudisha kitini, wakanong'onezana, naye akaenda jikoni kwake na kurudi na konzi nzima. Vilikuwa vipakiti vyeupe vyembamba, vimepigwa chapa ya ndege ndogo ya buluu. Kitinda alivitia katika ule mfuko wa karatasi wanaowekewa waliochafukwa na tumbo, kwa kuwa ndio uliokuwepo. Spana akarudi kitini, akajifanya kutazama mawingu.

Jua lilikuwa limeinama walipotua. Ukanda wa mizigo ukazunguka, sanduku la Spana likaja, la Kitinda halikuja. Watu wakapungua. Ukabaki unazungusha boksi moja lililofungwa kamba, kisha ukasimama. Mtu wa mizigo akasema lazima limebaki kule walikobadilishia ndege, ajaze fomu, ni dakika arobaini hivi kwa sababu mwenye kompyuta ametoka.

"Nitakuja kesho," Kitinda akasema.

"Lakini mzee, mali yako..."

"Kesho, bwana. Kuna watu hawajala."

Alipofika mtaani kwao, duka la kona lilikuwa limefungwa. Mwenye duka hana mchezo na muda, jua likizama kufuli iko mlangoni. Kitinda aliitazama ile kufuli, akaukandamiza mfuko wa karatasi kifuani, akaenda kwao.

Mama alikuwa kwenye kile kiti karibu na mlango. Dada alikuwa amemwonya, na bado alishtuka. Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Gauni la nyumbani alilolijua tangu utotoni lilikuwa limefungwa kiunoni kwa kipande cha lastiki ya dada, maana lilikuwa halimkai tena. Nyuma yake, mezani, kulikuwa na sahani tatu. Mbili zimefunikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Macho yake yalimpitia kiungwana, juu ya koti la safari, juu ya shati jipya lililonunuliwa ng'ambo, yakasimama kwenye mfuko. "Karibu. Umetoka dukani?"

Kitinda alisogea hatua moja. Akatoa mfuko, akaunyoosha mbele. "Nimeleta chumvi."

Mama aliupokea, akachungulia ndani. "Asante sana. Umehangaika." Kisha akamshika mkono, akamvuta chini kidogo kama mtu mwenye siri. "Baba, kule dukani utamwona kijana wangu mmoja, mrefu, ana kovu hapa kidoleni. Nilimtuma akakawia, naona anaogopa kurudi. Mwambie arudi tu. Hata bila chumvi. Mwambie mama yake hana hasira."

Kitinda alikuwa na kovu hilo kwenye kidole kile kile kilichokuwa ndani ya kiganja cha mama. Alilia, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, amepiga magoti juu ya zulia la kufutia miguu. "Nitamwambia," akasema. "Nitamwambia, mama."

Dada alikuwa amesimama nyuma ya cherehani yake, amejiziba mdomo. Aliingia chumbani, akatoka na shati la kijivu ambalo Kitinda huvaa kazini kila siku, lenye madoa ya grisi na chapa ya lifti mfukoni, akamtupia ndugu yake na kumwonyesha mlango kwa kidevu.

Kitinda akatoka nje. Akavua koti na shati lake jipya pale pale kibarazani, jirani akimkodolea macho, akavaa shati lake kuukuu. Akajifuta uso. Akapiga moyo konde, akabisha hodi, akaingia.

"Mama, nimerudi."

Mama akamgeukia, na uso ukafunguka wote. "Kitinda! Umekawia wewe!"

"Nimekawia, mama. Nimekawia sana. Nisamehe."

"Haya, tule," mama akasema.

Alinyanyuka mwenyewe, akakataa kushikwa, akaketi mezani na kufunua sahani ya mwanawe kwanza, kisha ya kwake. Akaonja. Dada alikuwa amekwisha tia chumvi katika chakula kile, kama alivyotia siku zote, lakini mama alitikisa kichwa. "Hakijakolea," akasema, na akamimina vile vipakiti mezani. Akachana cha kwanza kwa vidole vya mpishi. Akachana cha pili. Cha tatu akakisogeza karibu na taa, akaitazama ile ndege ndogo ya buluu.

"Duka gani hili linafunga chumvi kama dawa?"

Dada akaacha kutafuna. Kitinda alikuwa na jibu tayari, tena jibu la kuchekesha; yeye hakosi. Lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Na sanduku liko wapi?" mama akauliza. "Si ulitoka na sanduku?"

Siku kumi na mbili zile zote, na alilikumbuka sanduku. Kitinda akaweka kijiko chini.

"Mama, sikwenda dukani. Nilikudanganya. Nilipanda ndege nikaenda mbali, kikazi, halafu nikakaa siku zaidi nikitembea. Hiyo ni chumvi ya kwenye ndege. Nilikudanganya kwa sababu nikikwambia ukweli unalia."

Mama hakulia. Alimimina kile kipakiti cha tatu juu ya chakula, akakikung'uta kisibaki hata chembe, akachanganya.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningelia, nikanyamaza. Sasa kula."

Akaanza kula. Alikula polepole, kijiko baada ya kijiko, mpaka sahani ikawa nyeupe, na dada akamwongeza bila kuuliza. Kitinda naye akala. Chakula kilikuwa na chumvi ya kukunja uso. Alikimaliza chote, akaomba tena.